Kware Anayenyonyoka Manyoya na Wajibu wa Ofisi ya Chama

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wafugaji. Yamechapwa hapa kwa ajili ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo machoni pa wengine ni dogo: manyoya ya ndege ambaye, kwa kawaida, hata akikomaa hafikii robo kilo. Lakini jambo hili dogo limekwisha kuvigombanisha vyama. Chama kinachototoa vifaranga huuza kware kwa chama kingine. Mwezi haujapita, kware wana vipara, wengine wana vidonda, wachache wamekufa. Chama kilichonunua kinasema kiliuziwa ndege wagonjwa na kinazuia malipo. Chama kilichouza kinajibu kwamba ndege waliondoka wazima na kuonyesha hati ya makabidhiano. Katikati yao yuko mwanachama, mara nyingi mama mwenye mkopo wa matundu mawili, ambaye marejesho yake hukatwa kila mwezi, kware wawe na manyoya au wasiwe nayo.

Nitasema mapema ninaloliamini, ili mnaotaka kunipinga mjiandae. Mara nyingi hapo hakuna ugonjwa. Ndege wanadonoana, au madume wanawachuna majike, au vichwa vinagonga waya. Na sababu zilizo kubwa kati ya hizo hazianzii kwa mwanachama. Zinaanzia katika ofisi ya chama, siku kamati inapoamua inunue chakula cha aina gani, itengeneze matundu ya kipimo gani, na igawe ndege kwa hesabu gani.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wazee wetu hutofautisha kware, yule ndege wa porini mkubwa kidogo akimbiaye vichakani, na tombo, mdogo wake, anayechomoka ghafla miguuni pa mpita njia. Huyu tunayemfuga kwa mayai ya madoadoa ni wa ukoo wa tombo. Lakini soko limekwisha kumwita kware, nami sitagombana na soko. Asili yake ya kufugwa ni Japani. Huko alifugwa kwanza kwa ajili ya mlio wa dume, na ufugaji wa mayai ukashika kasi mwanzoni mwa karne ya 20. Vita Kuu ya Pili ilikaribia kuimaliza mbegu hiyo, ikabidi ijengwe upya baada ya 1945. Siyasemi haya kwa pambo. Ndege huyu amezaliwa tunduni kwa vizazi vingi sana, lakini tabia mbili za porini hazijamtoka: sehemu kubwa ya mchana huitumia kuparura na kudonoa ardhi akitafuta chakula, na akishtuka huruka wima kama jiwe lililorushwa juu. Naomba tuzishike tabia hizi mbili, kwa maana tutazirudia.

Sasa, katibu akiitwa na mwanachama kwamba kware wananyonyoka, asianze na dawa. Amshike ndege, amgeuze polepole mkononi, aangalie manyoya yametoka wapi. Mahali penye kipara pana maelezo kuliko mwenye ndege mwenyewe.

Kipara kikiwa kisogoni na nyuma ya shingo, tena kwa majike peke yao, hiyo ni kazi ya dume. Dume wa kware anapompanda jike humkamata kwa mdomo manyoya ya kisogo ili asianguke. Majike wawili au watatu kwa kila dume hustahimili. Lakini jike mmoja akiandamwa na madume watatu kutwa nzima, kisogo hubaki ngozi tupu, kisha ngozi hupasuka, kisha wengine huiona damu. Kidonda kikiwa utosini kabisa, chenye gaga kavu, basi tazama dari ya tundu kabla ya kumtazama jirani yake: ndege huyo ameruka wima akagonga waya. Kidonda cha paji la uso na pembeni mwa macho ni cha ugomvi, nacho mara nyingi ni cha madume wenyewe kwa wenyewe. Manyoya yaliyokatika mbele ya shingo, kwa ndege wote wa tundu moja na kwa usawa uleule, yamesuguliwa na waya wa mahali wanapotolea shingo kula. Hapo anayetakiwa ni fundi mwenye koleo.

Kudonoana hasa kunaonekana mgongoni, juu ya mkia na kwenye mabawa. Hapa kuna ushahidi ambao watu wengi huupita: sakafu. Kware anapobadilisha manyoya kwa kawaida yake, manyoya huanguka na utayaona chini. Tena kipara huwa sawa upande huu na huu, na ukipapasa utagusa vijiti vya manyoya mapya vinavyochomoza. Lakini wanapodonoana, ndege wamepungukiwa manyoya na sakafu nayo haina kitu. Yamekwenda wapi? Yameliwa. Na tukiwa bado hapo tunduni, mtafute yule mmoja mwenye manyoya mazuri kuliko wote. Mara nyingi si mwenye bahati, ndiye mdonoaji.

Ni lazima nieleze jambo moja ambalo hata baadhi ya mabwana mifugo hulichanganya. Kudonoa manyoya si ugomvi. Ndege wagombanao huinuana vifua na kupigana usoni, na mmoja akikimbia mambo yameisha. Mdonoa manyoya hana hasira. Humwendea mwenzake kwa utulivu, hudonoa unyoya, huuvuta, huumeza, na mwenzake wakati mwingine husimama tu. Wachunguzi wa tabia za ndege wameeleza kwamba hilo ni kudonoa ardhi kulikokosa ardhi. Ndege aliyeumbwa kuparura kutwa amewekwa juu ya waya mtupu, chakula amekimaliza kwa muda mfupi, na mbele yake kitu pekee kinachofanana na majani na wadudu ni mgongo wa jirani. Basi anafanya kazi yake. Ndiyo maana kumpiga, kumtenga au kumlaani mdonoaji peke yake hakumalizi shauri: ukimwondoa mmoja na waya ukabaki vilevile, wiki ijayo atapatikana mwingine.

Sasa nije kwenye daftari la manunuzi, na hapa naomba makatibu wanisikilize kwa subira.

Unyoya karibu wote ni protini, tena protini ya aina inayohitaji sana viini vyenye salfa, yaani methionini na sistini. Kware anayekua anahitaji chakula chenye protini kiasi cha asilimia 24. Anayetaga, kiasi cha asilimia 20. Chakula cha kawaida cha kuku wa mayai, ambacho vyama vingi hununua kwa jumla kwa sababu ndicho kinachojulikana, kina asilimia 16 au 17. Kuku anatosheka nacho. Kware anapungukiwa, na aliyepungukiwa hutafuta. Unyoya wa jirani una kile anachokikosa, au angalau yeye huutafuta hivyo. Kosa la pili ni kumpa kifaranga wa kware chakula hichohicho cha kuku wa mayai. Kina chokaa nyingi ya kujenga maganda ya mayai, ambayo kwa kifaranga ni mzigo wa figo.

Dawa ya jambo hili haiko mbali, iko kwa wavuvi. Dagaa safi waliokauka vizuri wana protini inayokaribia asilimia 55, na protini ya samaki ina methionini ya kutosha, tofauti na soya ambayo hupungukiwa hapo. Chukueni kilo 90 za chakula cha kuku wa mayai chenye asilimia 16, changanyeni na kilo 10 za dagaa waliosagwa: kilo 90 zinaleta protini kilo 14.4, dagaa wanaleta 5.5, jumla ni kilo 19.9 katika kilo 100. Hiyo ni karibu sana na 20 tunayoitaka. Kwa vifaranga, tumieni chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama chenye asilimia 22, kilo 95, na dagaa kilo 5. Mtapata karibu asilimia 24. Chakula kisagwe laini, kwa kuwa mdomo wa kifaranga wa kware ni mdogo, na kibaki katika hali ya unga. Chakula cha vidonge humezwa upesi na kumwacha ndege na mchana mrefu usio na shughuli.

Natahadharisha juu ya dagaa. Waliojaa mchanga hawana protini hiyo niliyoitaja, na walioungwa chumvi nyingi huwaharisha ndege na kulowesha tundu. Mnunuzi wa chama atie mkono gunia hadi chini, asiridhike na dagaa wa juu.

Najua litakalosemwa katika kamati: dagaa ni ghali. Tufanye hesabu. Kware mkubwa hula kiasi cha gramu 25 kwa siku. Kware 200 watakula kilo 5 kwa siku, yaani kilo 150 kwa mwezi wa siku 30. Katika hizo, dagaa ni kilo 15. Basi gharama inayobishaniwa ni tofauti ya bei kati ya kilo 15 za dagaa na kilo 15 za chakula cha kuku, kwa ndege 200, kwa mwezi mzima. Katibu aiandike tofauti hiyo ubaoni kwa bei za soko lake, na kando yake aandike bei ya majike waliokufa na mayai yasiyotagwa. Tena asisahau kwamba ndege asiye na manyoya hupoteza joto, na joto lile hulirudisha kwa kula zaidi. Chama kilichobana dagaa kinalipia chakula kilekile kupitia mlango wa nyuma.

La pili ni ugawaji. Vifaranga wakiuzwa wangali wadogo, hakuna ajuaye dume ni nani, na wanaoanguliwa huwa karibu nusu kwa nusu. Mwanachama anayepewa 20 anapata, kwa makadirio, madume 10 na majike 10. Kwa majike 10 alihitaji madume 4 tu, na kama anauza mayai ya kula hakuhitaji dume hata mmoja, maana jike hutaga bila dume. Yai lisilo na mbegu halianguliwi, lakini mezani halina kasoro. Hivyo chama kimempa vita tangu siku ya kwanza na risiti juu yake. Shauri langu ni kwamba chama kinachototoa kiwatunze vifaranga hadi wiki ya 4. Kuanzia wiki ya 3 kifua cha dume wa rangi ya kawaida huwa chekundu kama kutu bila madoa, na cha jike huwa kijivu chenye madoa meusi. Kwa wale wa rangi nyeupe alama hiyo haipo. Hao wangojewe hadi wiki ya 6 au zaidi, dume akibonyezwa juu ya tundu la haja hutoa povu jeupe. Madume wa ziada walishwe pembeni na wauzwe kwa nyama wakiwa na wiki 5 au 6. Kuwatunza wiki hizo 4 kuna gharama ya joto na chakula, sikatai, na bei ya ndege itapanda. Lakini mwanachama atakuwa amenunua majike, na mgogoro wa vyama viwili utakuwa umekufa kabla ya kuzaliwa.

Juu ya matundu sitakuwa na maneno mengi. Ndege wasizidi 30 katika mita moja ya mraba. Mwenye nafasi aweke 20 na ataona tofauti. Tundu la mita 1 kwa nusu mita ni la ndege 15. Nimekuta la namna hiyo lina 40, na mwenyewe ananiuliza ugonjwa huu unaitwaje! Dari iwe chini, sentimita 25 hadi 30, ili anayeruka asipate mwendo wa kujiumiza, au ndani yake ifungwe kitambaa au wavu laini. Kwa jirani zetu Wajaluo wa Nyanza, ambako tangu zamani watu huwanasa tombo kwa kutumia dume mwitaji aliyening'inizwa juu ya mti mrefu, dume yule hukaa katika kikapu cha kusukwa. Sijui fundi bora kuliko huyo wa kutufundisha kwamba kichwa cha ndege huyu hakipatani na waya mgumu.

Ndani ya tundu pawekwe sinia la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu kidogo. Kware hupenda kuoga vumbi kupita kiasi, na sinia hilo humpa pia mahali pa kuparura. Fungeni mchicha au majani ya kabichi yaning'inie, wayadonoe na kuyavuta. Jambo hili linaonekana kama mchezo wa watoto, na nimeona makatibu wakitabasamu, lakini ndilo la bei ndogo kuliko yote niliyoyataja na kwa ndege waliokwisha kuanza kudonoana ndilo ninaloanza nalo. Taa nayo ipunguzwe. Jike anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 ili atage vizuri, na kwa kuwa mchana wetu ni wa saa 12 hivi, tunaongeza saa 2 hadi 4. Hatuongezi usiku mzima. Balbu kali iwakayo hadi alfajiri humpa ndege mwanga wa kuiona kila tone la damu na asipate usingizi.

Kuna nyakati msongamano hauletwi na uzembe bali na soko. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 huko Kenya mayai ya kware yalivuma kama tiba ya kila maradhi. Watu wakapanga foleni kuomba vibali vya Shirika la Wanyamapori la huko, wakauza mali wakanunua ndege. Mwaka huohuo wa 2014 bei ikaanguka, kwa sababu kila aliyekuwa mnunuzi alikuwa amekwisha kuwa mfugaji. Bei ikianguka, mwanachama huacha kuuza akingoja ipande. Ndege wanaendelea kukua, wengine wanaanguliwa, matundu ni yaleyale. Hapo ndipo vipara huanza. Kwa hiyo katibu anayeona mauzo ya chama yamesimama kwa wiki tatu asingoje malalamiko; azime mashine ya kutotolea. Na chama ambacho bado hakijaanza mradi huu kiulize kwanza katika ofisi ya maliasili ya wilaya kama kibali kinatakiwa, kabla ya kumkopesha mtu yeyote.

Nisije nikaeleweka kwamba ugonjwa haupo kabisa. Utitiri upo. Ndege hujikuna, hukosa utulivu usiku, na ngozi karibu na tundu la haja huwa chafu na nyeusi. Aina moja ya utitiri, ule mwekundu, haikai juu ya ndege mchana. Hujificha katika nyufa za mbao na kutoka usiku kunyonya damu. Kwa hiyo anayekagua saa nne asubuhi ataapa kwamba hakuna kitu. Nenda usiku na tochi, au pitisha karatasi nyeupe kwenye ufa. Ikirudi na alama nyekundu umempata mwizi. Dawa itolewe na daktari wa mifugo, maana ndege hawa mayai yao yanaliwa kila siku, na dawa ya kunyunyizia pamba si dawa ya kuku.

Aliyejeruhiwa atengwe siku hiyohiyo, asingoje kesho. Kware wakishaonja damu hawaachi. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, kipakwe ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo pamoja na kuua vijidudu huifunika rangi nyekundu wengine wasiifuate. Oili chafu isipakwe. Unyoya uliong'olewa na shina lake utaota tena katika wiki chache. Uliokatika katikati utangoja hadi ndege abadilishe manyoya, hivyo mwanachama asikate tamaa mapema. Kumrudisha kundini kufanyike jioni giza likiingia, na afadhali warudishwe wawili pamoja kuliko mmoja.

Niliulizwa kabla ya kikao kama tununue kifaa cha kukata midomo kwa ajili ya vyama vyote. Kifaa kipo na kinauzwa. Kinapunguza majeraha, lakini mdomo una mishipa, kware ni mdogo, na mkono usiozoea humwacha ndege asiyeweza kula. Zaidi ya hayo, kinamwondolea ndege chombo na kuacha sababu mahali pake. Ushauri niliompa Mwenyekiti ni kwamba fedha hizo zinunue magunia ya dagaa ya majaribio kwa vyama vitatu vyenye malalamiko makubwa, kwa miezi miwili, na ndege wahesabiwe kila Jumamosi: wangapi wana kipara, mahali gani, wangapi wamekufa, mayai mangapi. Karatasi za hesabu hiyo ziko kwa karani wa bohari. Makatibu wa vyama hivyo vitatu naomba wabaki baada ya kikao wazichukue, pamoja na kipimo cha tundu.